Mguno wa Asubuhi

Kitu cha kwanza alichokiona ni vidole vya mguu. Si vya mguu wenye kidonda, ni vya ule mzima. Vilichungulia nje ya shuka, na toroli lilipofika tu kando ya kitanda vikajikunja vyote kwa pamoja, kama vinatafuta kitu cha kushika. Muuguzi mwanafunzi akasimama akavitazama. Alikuwa hajamgusa mgonjwa. Hata glavu alikuwa hajavaa. Sasa vidole vinaogopa nini?

Hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Darasani walimwita Kimya, na jina hilo lilimkaa vizuri mpaka walimu nao wakalizoea. Alikuwa msichana mwembamba mwenye hatua nyepesi, anayefunga mlango kwa namna ambayo mlango wenyewe hausikii. Akimwamkia mkubwa wake, shikamoo yake iliishia kwenye kola ya gauni lake, na mkubwa wa watu akapita akidhani hakuamkiwa.

Mgonjwa alijulikana wodi nzima kama Mama Cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, na aliisifia hiyo cherehani kama watu wengine wanavyosifia wajukuu. Sufuria ya maji ya moto ilipinduka jikoni kwake akiwa ameipa mgongo, maji yakamshukia nyuma ya goti hadi chini ya shavu la mguu. Kwa hiyo kidonda chake kilikuwa mahali ambapo mwenyewe hakioni. Kila asubuhi alilala kifudifudi, uso kwenye mto, akangoja wenye macho wafanye kazi yao.

Kimya aliipenda kazi ile kuliko zote za wodini. Wenzake walikuwa na haraka. Walibandua shashi iliyofunika kidonda na mgonjwa akaruka. Yeye aliiloweka kwa maji ya chumvi, akangoja, akailoweka tena, mpaka ikaachia yenyewe kama jani lililokomaa. Na chini yake kulikuwa na kitu ambacho, siku za mwanzo, hakukitarajia. Kidonda kilikuwa kizuri. Kilikuwa chekundu, kibichi, chenye chembechembe ndogo zinazong'aa, na kingo zake zilikuwa zinaingia ndani taratibu, kila siku kidogo. Alikuwa akikiinamia, anashikilia pumzi asije akakipulizia, anakitazama kwa furaha yake ya ndani kwa ndani. Kisha anakisafisha, anakifunika, anafunga bendeji, anasukuma toroli. Hakuna neno lililotoka, wala hakuona kama linahitajika. Mikono yake ilikuwa imeshasema.

Kilichomuuma ni kitu kingine. Mama Cherehani alikuwa msemaji. Alimtania mpika chai, alimtania daktari, alimtania mama wa kitanda cha dirishani aliyevunjika nyonga kwamba anakoroma kama mashine ya kusaga. Redio, mwanafunzi mwenza wa Kimya, akipita tu alidakwa.

"Wewe Redio, leo umeamkia stesheni gani?"

"Leo natangaza vifo na hasara, mama. Chai imekwisha."

"Zima basi. Habari kama hizo mimi sizitaki."

Wodi nzima ikacheka. Lakini toroli la Kimya likikaribia, Mama Cherehani alizima kicheko kama mtu anayezima taa, akageukia mto, na vidole vikajikunja. Kimya akafikia jibu ambalo lilimkaa moyoni kama mfupa: huyu mama hanipendi.

*

Nyumbani waliishi wawili, yeye na mama yake, vyumba viwili na meza moja. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu asubuhi, na jioni alipika. Alimpakulia mwanawe kwanza, kisha badala ya kukaa akachukua kitambaa cha meza na kuanza kupangusa. Alipangusa mahali palepale, pasipo na kitu, huku macho yakienda kwenye uso wa bintiye na kurudi.

Kimya akatia tonge mdomoni.

"Chumvi imekolea?" mama akauliza.

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Nimeweka kitunguu zaidi leo."

"Ee."

"Umechoka mwanangu?"

"Kidogo."

Kitambaa kikaendelea kuzunguka. Mama yake alisema, kama anayeongea na meza, kwamba kesho atajaribu kupika kwa njia nyingine. Kimya akala mpaka sahani ikang'aa, akainuka akaosha vyombo vyote pamoja na sufuria, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akishukuru.

*

Siku ya pili yake, wodi ilikuwa na jambo. Mama Cherehani alikuwa amekataa upasuaji.

Daktari alikuja mapema, akaeleza kwa upole kwamba kidonda kimekuwa tayari kubandikwa ngozi, na kwamba kesho ndiyo siku yenyewe. Mama Cherehani alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema hapana. Anataka kwenda nyumbani. Daktari akaeleza tena. Mama akamshukuru tena, kwa adabu zaidi, akasema hapana.

"Kwa nini, mama?" daktari akauliza.

"Nimeshajua ninachokijua."

Hakuongeza hata nukta. Mama wa dirishani akajaribu kumchokonoa, akaambiwa ashughulikie nyonga yake.

Sista Mkuu aliwaita Kimya na Redio kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia shuka. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeongea polepole kana kwamba maneno yote anayo na hayaendi popote.

"Nisikilizeni. Kidonda kile kikiachwa kipone chenyewe, kitapona kwa kuvuta. Goti litabaki limekunjwa. Mtu mwenye goti lililokunjwa hakanyagi cherehani. Mnanielewa? Hapo hatuzungumzii kovu, tunazungumzia kazi ya mtu." Akamgeukia Kimya. "Nani anamsafisha?"

"Mimi, Sista."

"Najua ni wewe. Na unamsafisha vizuri. Kwa mikono mingine kidonda kile kingekuwa kinalia mpaka leo. Ninachouliza ni hiki: mkiwa pale mnaongea nini?"

Kimya akafikiri kwa uaminifu. "Hatuongei."

"Hata kidogo?"

"Namwamkia."

Redio, aliyekuwa anakunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa, akajifanya anakohoa.

Sista Mkuu alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Twendeni chumba cha mazoezi. Tukabadilishane kitanda."

Wanafunzi wote waliujua mchezo huo wa Sista Mkuu na wote waliukwepa. Mwanafunzi aliyekosea kitu kwa mgonjwa alilazwa yeye, akafanyiwa kilekile. Aliyelisha kwa haraka alilishwa kwa haraka mpaka uji ukamfika masikioni. Aliyemgeuza mzee bila kumwambia aligeuzwa bila kuambiwa. Lakini Kimya hakuwahi kulazwa, kwa sababu hakuwahi kukosea.

Mdoli wa mazoezi aliondolewa kitandani akakalishwa kwenye kiti, akawa anatazama dari kama mgeni aliyekosa mazungumzo. Kimya akalala kifudifudi, uso kwenye mto. Mto ulinukia sabuni ya unga.

"Leo utauguzwa na wewe mwenyewe," Sista Mkuu akasema. "Redio, uwe yeye."

"Yeye kabisa kabisa?"

"Kabisa. Usimpunguzie, usimwongezee."

"Haya. Ngoja nimeze maneno kwanza, yananijaa mdomoni."

Kimya akacheka ndani ya mto. Akasikia Redio akitoka na kufunga mlango. Halafu hakusikia kitu.

Alingoja. Kitu fulani kikasogea karibu naye. Hakujua ni mtu au ni pazia. Chuma kikagonga chuma, kidogo tu, mahali fulani nyuma ya magoti yake. Kicheko chake kilikuwa kimeshakwisha. Alitaka kugeuza shingo, lakini alikuwa ameambiwa alale. Shuka ikainuliwa kutoka mguuni. Hakuna aliyesema shuka inainuliwa. Kisha kimya kikaja, kirefu, na ndani yake akasikia mtu akivuta pumzi na kutoitoa. Mtu huyo alikuwa ameuinamia mguu wake anautazama. Anaona nini? Mbona hapumui?

Halafu ukatoka mguno. "Mm." Mfupi, wa puani, wa mtu aliyekuta kitu na kuamua kukaa nacho.

Maji ya baridi yakamdondokea kwenye shavu la mguu, na Kimya akaruka.

Alipotulia na akili kumrudia, akagundua kwamba vidole vyake vya miguu, vyote, vimejikunja na kushika godoro.

Akageuka akaketi. Redio alikuwa amesimama na kibano, uso umelainika, macho chini, mabega yamepanda. Kimya alimtambua mtu yule. Alikuwa hajawahi kumwona kwa nje.

"Ulihisi nini?" Sista Mkuu akauliza.

"Nilidhani kuna kitu kibaya."

"Kulikuwa na nini?"

Kimya akautazama mguu wake. "Hakuna. Mguu ni mzima."

"Mm," akasema Sista Mkuu, na wote watatu wakacheka, Kimya akiwa wa mwisho.

"Kwani mimi naguna?" Kimya akamuuliza Redio.

"Unaguna? Wewe ndugu yangu unaguna tangu siku ya kwanza. Ukionja chai unaguna. Ukiona mtoto mchanga unaguna. Siku ile nilipokuonyesha viatu vyangu vipya ukaguna, nikavirudisha dukani."

"Vilikuwa vizuri sana."

"Sasa ndiyo unaniambia, na mimi nimeshachukua hivi vinavyonibana."

Sista Mkuu hakucheka safari hii. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ulipouona mguu wa Mama Cherehani jana, wewe moyoni ulisema nini?"

"Nilisema kidonda ni kizuri."

"Nani alisikia?"

Kimya akakumbuka nyumba ya bibi yake mzaa mama, aliyelala chumba cha mbele muda mrefu akiugua kichwa kisichotaka kelele. Huko ndiko alikojifunza kunyata, kuweka kikombe mezani bila kugonga, kukaa kando ya kitanda na kushika mkono tu. Watu wazima walimsifu kwamba ana huruma. Akakua akiamini kwamba kumpenda mgonjwa ni kunyamaza, na hakuna siku aliyowaza kwamba bibi alitaka kimya kwa sababu ya kichwa chake bibi, si kwa sababu wagonjwa wote wako hivyo.

"Sikwambii uwe Redio," Sista Mkuu alisema akiinuka. "Redio mmoja anatutosha, na huyo mmoja naye kuna siku namtafutia kitufe. Nenda kamsafishe mgonjwa wako. Nafasi yake ya kesho nimeishikilia mpaka jioni."

*

Njiani Kimya alijipangia maneno. Aliyapanga vizuri, akayarudia kwenye korido, na alipofika kando ya kitanda akayatoa yote kwa mkupuo, kwa sauti ya kuazima.

"Shikamoo mama yangu kipenzi, umeamkaje leo, leo umependeza, mambo yote yatakuwa mazuri kabisa wala usiwe na wasiwasi!"

Mama Cherehani akainua uso kutoka kwenye mto, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Marahaba. Wamekutuma?"

Mama wa dirishani akaguna kwa kicheko. Kimya akahisi masikio yanawaka moto. Zamani hapo ndipo angeshika toroli na kufanya kazi yake, na siku ingepita. Akavitazama vile vidole. Vilikuwa vimejikunja.

"Wamenituma," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo. "Lakini ningekuja hata bila kutumwa. Nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Nikija na toroli, kwa nini unakunja vidole?"

Mama Cherehani hakutarajia hilo. Aligeuza shingo akavitazama vidole vyake kama watoto waliomsemea kwa jirani. Akasema polepole:

"Mwanangu, mimi nimeshona miaka mingi. Mteja akiniletea kitambaa ghali, nami nikakiunguza na pasi, unajua nafanyaje? Nakikunjua. Navuta pumzi. Nasema mm. Nakikunja tena vizuri, nakiweka pembeni, na simwambii mtu mpaka nijue nitasemaje. Sasa wewe kila asubuhi unanikunjua. Unavuta pumzi. Unasema mm. Unanikunja vizuri, unaondoka. Unadhani mimi sijui hiyo maana yake?"

Kimya alishika chuma cha kitanda.

"Wakaja kuniambia habari za upasuaji," Mama Cherehani akaendelea. "Nikasema, hao. Wameshindwa, sasa wanataka kukata. Daktari ana maneno matamu, ndiyo kazi yake. Ila wewe ndiye unayekiona kila siku, na wewe hukusema kitu. Mtu asiye na la kusema huwa analo."

"Mama, mimi nilikuwa nakisifia."

"Unasifia nini?"

"Kidonda chako. Nilikuwa nakisifia moyoni. Ule mguno ni wangu wa kila kitu, hata viatu vya Redio niliviponza. Navuta pumzi nisikupulizie. Mama, kidonda chako ni kizuri. Ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusafisha."

"Unanidanganya."

"Sijui kudanganya. Hata kusema ukweli ndiyo kwanza najifunza."

Mama Cherehani akamtazama muda. Pembe moja ya mdomo ikacheza. "Haya," akasema, akarudisha uso kwenye mto. "Kifungue. Lakini leo nisomee. Kila unachokiona, nisomee."

Kimya akavaa glavu. "Nimevaa glavu. Nainua shuka." Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nafungua bendeji. Sasa namwaga maji kwenye shashi, yatakuwa baridi. Yanakuja."

Mguu haukuruka.

"Tunangoja ilainike. Hapa huwa nangoja sana."

"Nilidhani hapo umezimia."

"Nangoja tu. Sasa inaachia. Imetoka." Akainama, pumzi ikataka kusimama, akaitoa kando ya bega. "Naona pekundu. Pekundu pote. Hakuna peusi, hakuna usaha."

"Kinanuka?"

"Hakinuki. Kinanukia maji ya chumvi."

"Kimechimbika?"

"Kilikuwa kimechimbika. Sasa nyama imepanda, imelingana na pembeni. Juu ina vipunje vidogo vidogo, kama..." Akatafuta neno kwenye dunia ya mgonjwa wake. "Kama upande wa ndani wa kitambaa cha mahameli."

"Mahameli," Mama Cherehani akauambia mto.

"Na hapa nyuma ya goti ndipo panaponitia wasiwasi. Ngozi imeanza kuvuta. Ndiyo maana wanataka upasuaji sasa. Hawakati mguu. Wanachukua ngozi nyembamba ya pajani, wanaitandaza juu ya hii nyekundu, inashika."

Palikuwa na ukimya, na safari hii ulikuwa wa Mama Cherehani.

"Kwa hiyo mnanitia kiraka."

"Ndiyo, mama. Kiraka."

"Cha kitambaa kilekile."

"Kilekile."

"Hicho ndicho kiraka cha maana," alisema fundi. "Watu wanaleta suruali ya bluu na kiraka cha kijani, halafu wanalalamika kinaonekana. Na hilo paja mtakalolikata?"

Kimya angeweza kusema halitauma. Wengi walisema hivyo. "Paja litakuuma," akasema. "Nimesikia wagonjwa wanasema paja linauma kuliko kidonda chenyewe, siku za kwanza. Utapewa dawa. Halafu linapona."

"Nitakanyaga cherehani baada ya muda gani?"

"Hilo sijui. Nitamuuliza Sista, nije nikwambie kabla ya chakula cha mchana."

Mama wa dirishani, ambaye alikuwa amesahau kabisa kujifanya hasikilizi, akanyoosha mkono na kioo chake kidogo cha kujipakia mafuta. "Kama anataka kuona, hiki hapa."

Kimya akakipokea. "Unataka kuona?"

"Si sasa," Mama Cherehani akasema. Kisha, baada ya kidogo: "Haya, lete. Nimeshaambiwa, kitanishtua nini?"

Kimya akakishika kioo kwa pembe, akakiinamisha hivi na vile mpaka mgonjwa aliyegeuza shingo akaupata mguu wake. Mama Cherehani alitazama kwa jicho la kukagua pindo. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama nyuma ya goti ambapo palikuwa pamevuta.

"Ni kama ulivyosema," akasema mwishoni. Halafu kwa sauti ya wodi nzima: "Mwiteni yule daktari mwenye maneno matamu. Mwambieni fundi amekubali kutiwa kiraka."

Kimya alipoinama kufunga bendeji, aliona vidole vya mguu mzima. Vilikuwa vimelala kando kwa kando, vimelegea, kama vya mtu anayeota jua.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Paja lilimuuma Mama Cherehani kama alivyoahidiwa, akalitukana kwa ustadi, lakini hakumlaumu mtu. Alisema ameumia kwa taarifa. Ilipofika siku ya kufungua kiraka kwa mara ya kwanza, daktari alikuja, Sista Mkuu alikuja, Redio akaja bila kuitwa.

"Afungue huyu," Mama Cherehani akasema, akimwonyesha Kimya kwa kidevu. "Ananisomea vizuri."

Kimya akafungua, tabaka kwa tabaka, akisema kila tabaka. Alipofikia la mwisho akanyamaza. Chumba chote kikanyamaza naye. Ngozi ilikuwa imeshika pote, ya rangi ya waridi, imetulia kama imezaliwa pale.

Akakumbuka. "Nimenyamaza kwa sababu natazama," akasema haraka. "Imeshika, mama. Yote. Nilikuwa nataka kuguna nikajizuia."

"Guna tu," Mama Cherehani akasema ndani ya mto, na sauti yake ilikuwa na maji. "Sasa naujua."

"Mm," akasema Kimya.

"Amekwisha huyu," Redio akamwambia Sista Mkuu. "Kesho ataniomba stesheni."

*

Jioni hiyo Kimya alifika nyumbani jua likiwa bado liko dirishani. Mama yake akampakulia, akasimama, akachukua kitambaa. Kimya akatia tonge mdomoni. Mchuzi ulikuwa na kitunguu kilichoiva taratibu mpaka kikayeyuka, na ukali kidogo wa pilipili uliokuja mwishoni, baada ya kumeza.

"Mm," akasema.

Safari hii alijisikia. Akainua macho kutoka kwenye sahani, akauona mkono wa mama yake juu ya meza. Kitambaa kilikuwa kinapangusa mahali palepale, pakavu, safi, ambapo rangi ya mbao ilikuwa imepauka duara zima. Akalitazama lile duara. Halikuwa la jana wala la juzi.

"Kesho nitajaribu kupunguza pilipili," mama akasema.

"Mama, kaa."

Mama akashtuka. "Kuna nini? Umepata matatizo kazini?"

"Hakuna matatizo. Kaa tu, uache hicho kitambaa."

Mama akakaa polepole, kitambaa kikiwa bado mkononi, akangoja kama wanavyongoja watu waliolazwa kifudifudi. Kimya akahisi maneno yamesimama kooni pale yaliposimama tangu utotoni, kila jioni, mbele ya kila sahani. Hayakuwa makubwa. Alishangaa jinsi yalivyokuwa madogo.

"Usipunguze pilipili," akasema. "Ni kitamu, mama. Chakula chako ni kitamu. Kilikuwa kitamu siku zote."